Aliyeshinda Vita, Ndiye Mungu Aliyemtaka? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila redio inapotangaza kwamba mji fulani umetekwa. Yanaulizwa barazani, kwenye jumuiya ndogondogo na matangani, na mara nyingi anayeuliza tayari ana jibu lake mkononi: Mungu ameamua. Mimi ni Mkristo, kwa hiyo kwenye Biblia nitasema kwa urefu zaidi. Kwenye Qurani nitataja yale ambayo kila aliyepita madrasa anayajua.

Kwa kifupi: ushindi ni ishara kwamba Mungu yuko upande wa mshindi?

Hapana. Ushindi unakuambia nani alishinda. Sisemi Mungu hahusiki na vita. Mwislamu na Mkristo wote wanaamini hakuna linalotokea nje ya ujuzi wake. Lakini Mungu kuruhusu jambo ni kitu kimoja, na Mungu kuliridhia ni kitu kingine. Anayeyachanganya hayo mawili atalazimika kusema kwamba kila jambazi aliyefanikiwa alibarikiwa.

Mbona Biblia imejaa ushindi uliotolewa na Mungu? Gideoni je? Daudi je?

Umo, tena mwingi. Gideoni alianza na watu 32,000, akapunguziwa hadi 300, wakaenda na tarumbeta, mitungi na mienge. Kisa chenyewe kinasema kwa nini walipunguzwa: Israeli wasije wakajisifu kwamba mkono wao ndio uliowaokoa. Wanaokipenda kisa hiki huwa wanaishia hapo.

Fungua sasa 1 Samweli 4. Waisraeli wanapigwa na Wafilisti, wanapoteza watu kama 4,000. Wazee wanakaa kikao na kuuliza swali zuri kabisa: kwa nini Bwana ametupiga leo? Kisha, bila kusubiri jibu, wanaamua kwenda Shilo kulichukua sanduku la agano ili liwaokoe. Linapoingia kambini wanapiga kelele hata nchi inatetemeka. Wafilisti wanaingiwa na hofu, wanasema Mungu amekuja kambini mwa adui. Kwa mahubiri ya siku hizi, hapo ndipo tungetarajia muujiza. Badala yake Israeli wanaanguka askari wa miguu 30,000, wana wawili wa kuhani Eli wanauawa, na sanduku linatekwa. Mtu wa Benyamini anakimbia hadi Shilo, nguo zimeraruka na udongo kichwani. Mzee Eli, miaka 98, macho yamepofuka, anasikiliza habari za kushindwa na za vifo vya wanawe. Anapotajiwa sanduku ndipo anaanguka kutoka kitini kwa nyuma, shingo inavunjika.

Sasa jiulize: siku ile Wafilisti walikuwa wanafanya mapenzi ya Mungu? Wao waliona hivyo, kwa namna yao. Walilibeba sanduku wakaliweka katika hekalu la mungu wao Dagoni, kama timu inavyoweka kombe kabatini. Asubuhi wakamkuta Dagoni amelala kifudifudi. Sanduku likarudi nyumbani juu ya gari lililokokotwa na ng'ombe wawili, bila jeshi lolote kulipigania. Mwandishi wa kitabu kile alijua alichokuwa anakifanya.

Yupo pia Yosia, ambaye 2 Wafalme 23 inasema hapakuwa na mfalme kama yeye aliyemrudia Bwana kwa moyo wake wote. Akaenda Megido kupigana na Farao Neko wa Misri, akapigwa mishale, akafa. Kitabu cha pili cha Nyakati kinaongeza jambo la kushtua: maneno ya Neko, mpagani, ya kumsihi arudi nyumbani yalikuwa yametoka kinywani mwa Mungu. Mcha Mungu hakusikia, na mpagani akashinda. Hakuna kanuni rahisi unayoweza kuitoa hapo.

Qurani inasemaje? Badr haikuwa ushindi wa haki dhidi ya batili?

Ndivyo Waislamu wanavyoiona, na Sura ya Al-Imran inasema wazi kwamba Mwenyezi Mungu aliwanusuru Badr walipokuwa wanyonge. Mwaka ulikuwa 624. Waislamu walikuwa kama 313, Makureshi kama 1,000.

Mwaka uliofuata ikaja Uhud. Mtume aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima na kuwaagiza wasishuke hata wakiona ndege wanawanyakua wenzao. Ushindi ulipoonekana umepatikana, wengi wao wakashuka kuwahi ngawira. Khalid bin Walid, wakati huo bado yuko upande wa Makka, akazunguka nyuma na wapanda farasi. Waislamu wapatao 70 waliuawa, akiwemo Hamza, ami yake Mtume. Sura ile ile ya Al-Imran inawaambia: ikiwapata majeraha, na wale wengine yaliwapata kama hayo, na siku hizi tunazizungusha baina ya watu. Haiwaambii kwamba dini yao imekuwa batili kwa siku moja. Abu Sufyan ndiye aliyepanda juu na kutangaza kwamba siku ile ilikuwa malipo ya Badr, na akamsifu sanamu wake Hubal. Yaani aliyesoma matokeo ya vita kama ridhaa ya mungu wake, siku ile, alikuwa mshirikina.

Ongeza Hunayn, 630. Waislamu walikuwa kama 12,000, wakapendezwa na wingi wao, na Sura ya Tawba inawakumbusha kwamba wingi ule haukuwafaa kitu pale mwanzo walipogeuka kukimbia.

Linalonivutia mimi zaidi ni Hudaybiya, 628. Waislamu walizuiwa kuingia Makka kwa umra, wakatia saini masharti ambayo Omar bin Khattab mwenyewe yalimkera, akauliza: je, sisi si wa haki? Wakiwa njiani kurudi, bila kupigana na bila umra, ndipo iliposhuka Sura ya Al-Fath: hakika tumekupa ushindi wa dhahiri.

Majimaji: waliopigana walimwomba Mungu, na walishindwa. Tuseme nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa Kusini, na ningependa lijibiwe taratibu.

Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu dawa na imani kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Watu walitoka mbali kumfuata, kwa sababu pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko vilikuwa vimewachosha Wamatumbi na wengine wengi. Julai 1905 pamba ikang'olewa kule Nandete. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro, na vita ndiyo kwanza vinaanza kuenea.

Tarehe 30 Agosti maelfu waliishambulia boma ya Mahenge. Wajerumani walikuwa na bunduki za rashasha. Kwa maelezo ya mmisionari aliyekuwepo, washambuliaji wa mbele kabisa walianguka wakiwa hatua tatu tu kutoka mstari wa waliokuwa wakiwafyatulia. Hatua tatu, mbele ya rashasha. Sijui mtu anawezaje kusoma hayo akasema watu wale hawakuwa na imani.

Kisha vita vikaisha namna hii: wapiganaji walipoingia porini, Wajerumani wakachoma vijiji, maghala na mashamba. Kapteni Wangenheim aliandika kwamba mapigano peke yake hayatatosha, ni njaa tu itakayowafanya watu wasalimu amri. Waliokufa, Wajerumani wenyewe walikadiria 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja hadi 250,000 na zaidi. Wazungu waliokufa walikuwa 15. Wengi wa wale waliokufa upande wetu hawakupigwa risasi. Walikuwa watoto, wazee na akina mama ambao mbegu yao ya msimu uliofuata ilikuwa imeteketea.

Ukisema matokeo yale ni kauli ya Mungu, basi unasema Mungu alisema kwa kiberiti kilichowashwa kwenye ghala la mtama. Mimi siwezi kulitamka hilo kanisani. Kilichoshindwa mwaka 1907 ni mishale, mikuki na magobori mbele ya rashasha, na matumbo matupu mbele ya watu wenye akiba ya chakula. Dawa haikuzuia risasi, hilo ni kweli, na waliotoa ahadi ile walibeba dhima kubwa. Lakini madai yenyewe, kwamba mtu asichapwe viboko ili alime pamba ya mwingine, hayakuwa ya uongo kwa sababu wenye kuyadai walishindwa. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni.

Wajerumani nao waliamini Mungu yuko pamoja nao?

Jeshi lao kule kwao lilivaa mikanda yenye bamba lililoandikwa "Gott mit uns", Mungu yu pamoja nasi. Ila huku kwetu mambo yalikuwa na mchanganyiko: maofisa Wakristo, na askari wengi Waislamu kutoka Sudani na sehemu nyingine. Sasa ushindi ule tumpe Mungu wa nani?

Haukupita muda mrefu. Novemba 1918 kamanda wao Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha kwa Waingereza huko Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, na koloni lote likaondoka. Anayesema Mungu aliwapa Wajerumani ushindi wa 1907 atuambie alibadili mawazo mwaka gani.

Lakini baada ya Majimaji watu wengi waliingia Ukristo na Uislamu. Hilo si kusudi la Mungu?

Swali zuri, na linahitaji uangalifu. Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea kwa makumi, na baadhi yao walibatizwa kabla ya kupanda jukwaani. Mapadre waliona roho zimeokoka. Wapo wazao wao leo ambao ni Wakatoliki wema, na hawaoni aibu na ubatizo ule.

Yusufu aliwaambia ndugu zake: ninyi mlinikusudia mabaya, lakini Mungu alikusudia mema. Hakuwaambia kwamba kumuuza halikuwa kosa. Vivyo hivyo Isaya 10: Ashuru ni fimbo ya hasira ya Mungu, halafu fimbo hiyo hiyo inahukumiwa kwa kiburi chake, kwa sababu mfalme wake alidhani ni nguvu ya mkono wake. Kwa hiyo hata pale ambapo nabii mwenyewe anasema Mungu ametumia ushindi wa fulani, fulani huyo hapati cheti. Mungu anaweza kuotesha imani penye majivu. Aliyechoma bado ana kesi ya kujibu.

Na Kagera? Hapo si haki ilishinda?

Naamini haki ilikuwa upande wetu. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaua na kupora, na Amin akatangaza kwamba eneo lile ni lake. Lakini angalia ninavyojua kwamba haki ilikuwa kwetu: kwa sababu tulivamiwa. Ningejua hivyo hivyo hata kama tungeshindwa.

Watu wanakumbuka maneno ya Mwalimu Nyerere: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Mwalimu alikuwa mtu wa misa, asiyeona haya kuitwa Mkatoliki. Katika yale matatu hakusema tunayo ahadi ya Mungu. Alitaja sababu mbali na uwezo mbali, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo teolojia safi kuliko mahubiri mengi ya vita. Jeshi lenyewe lilikuwa na Waislamu na Wakristo, kwa hiyo waliojaribu kuvigeuza vile kuwa vita vya dini hawakufika mbali.

Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi yetu na Waganda waliokuwa uhamishoni tarehe 11 Aprili 1979. Nyumbani tulifunga mkanda, tukapanga foleni za sukari na sabuni. Uganda ikaingia uchaguzi wa 1980 uliozua ugomvi, kisha vita vya msituni hadi 1986, na Luwero ikajaa mafuvu. Ulikuwa ushindi wa haki, na matunda yake yalikuwa machungu kwa wengi ambao hawakumkosea mtu.

Pande mbili zikimwomba Mungu yule yule, anasikiliza upande gani?

Abraham Lincoln alilihangaikia hili kuliko kiongozi yeyote wa vita ninayemjua. Mwaka 1862, Wamarekani wakiwa wanauana, aliandika kwenye karatasi yake binafsi kwamba katika mapambano makubwa kila upande hudai unatenda mapenzi ya Mungu. Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea, na mmoja lazima awe amekosea. Machi 4, 1865, ushindi ukiwa umekaribia kabisa, alisimama kuapishwa mara ya pili. Angeweza kujisifu. Badala yake alisema pande zote zinasoma Biblia ile ile na kumwomba Mungu yule yule, kwamba maombi ya upande wowote hayakujibiwa kikamilifu, na kwamba Mwenyezi ana makusudi yake mwenyewe. Akaongeza kwamba huenda vita vile ni malipo ya utumwa kwa Kaskazini na Kusini pamoja.

Wakati huohuo hakuwa mtu wa kusema haki haijulikani. Alisema inashangaza mtu kuthubutu kumwomba Mungu wa haki amsaidie kula mkate kwa jasho la wengine. Kuhusu utumwa alikuwa na uhakika. Kuhusu Mungu kuwa wake, hakuwa nao.

Kwa nini basi washindi hupenda sana kusema Mungu ametupa?

Kwa sababu kunafunga mjadala wa ardhi. Tarehe 16 Desemba 1838, Makaburu wasiofika 500 chini ya Andries Pretorius waliwashinda Wazulu wa Dingane zaidi ya 10,000 kandokando ya mto Ncome, Afrika Kusini. Wazulu kama 3,000 waliuawa. Upande wa Makaburu walijeruhiwa watatu, hakufa hata mmoja. Walikuwa wameweka nadhiri kabla ya vita. Bunduki, mizinga na magari yaliyofungwa duara yanatosha kueleza yaliyotokea, lakini wajukuu wao walijenga juu ya siku ile imani ya taifa teule, na siku ya nadhiri ikawa sikukuu chini ya ubaguzi wa rangi. Tangu 1995 tarehe hiyo hiyo ni Siku ya Upatanisho.

Na ili tusidhani ni ugonjwa wa Wazungu tu: Adwa, Machi 1, 1896, Waethiopia wa Menelik waliwapiga Waitaliano, na mpaka leo wanasimulia kwamba Mtakatifu Giorgis alikuwa nao vitani. Naipenda Adwa kama Mwafrika yeyote. Lakini Mei 5, 1936 Waitaliano waliingia Addis Ababa baada ya kutumia gesi ya sumu. Miaka mitano baadaye, tarehe hiyo hiyo, Haile Selassie akarudi mjini. Giorgis hakwenda likizo katikati.

Vipi kuhusu mafuta, hirizi na kinga za vitani?

Mwaka 1987 Alice Lakwena aliongoza wapiganaji kutoka Acholi, kaskazini mwa Uganda, hadi karibu na Jinja, wamepakwa mafuta ya kuzuia risasi, wakiimba nyimbo za dini. Aliyepigwa risasi alisemwa amevunja sheria za roho. Majimaji nako palikuwa na miiko, na aliyekufa alisemekana ameivunja. Hapo ndipo tatizo lilipo: imani isiyoweza kukosea huwatupia wafu lawama zote. Mtu amepoteza uhai, halafu mjane wake anaambiwa mumewe alikuwa na dhambi.

Kushindwa ni adhabu, basi? Manabii walisema Babeli ilitumwa kuiadhibu Yerusalemu.

Walisema, tena kuhusu taifa lao wenyewe. Yeremia alimwambia mfalme wake hayo usoni, akatupwa katika shimo lenye matope. Alitabiri kuhusu majirani pia, lakini hakuuacha mji wake mwenyewe nje. Habakuki aliposikia Mungu anawaleta Wakaldayo, alilalamika: unanyamazaje mwovu anapommeza aliye mwenye haki kuliko yeye? Malalamiko yake yamo ndani ya Maandiko, hayakufutwa.

Yesu mwenyewe aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Kwa hiyo ukikutana na mkimbizi aliyetoka Kivu na mtoto mgongoni, neno adhabu lisitoke kinywani mwako. Mpe maji na mahali pa kulala.

Mdogo wangu yuko jeshini. Nikiomba ashinde, nakosea?

Hukosei. Zaburi zimejaa maombi hayo. Omba arudi salama, omba asiue asiyestahili kuuawa, omba viongozi wake wawe na akili ya yule mfalme wa Luka 14 anayekaa kwanza chini kuhesabu kama watu 10,000 wataweza kukutana na 20,000. Ukiweza, mwombee na mama wa askari wa upande wa pili. Hilo ni gumu, na silisemi kana kwamba mimi huliweza kila siku.

Nimeombwa kusoma neno tarehe 27 Februari, kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji. Nisome lipi?

Ruka Kutoka 15, wimbo wa farasi na mpanda farasi kutupwa baharini. Mashujaa wale hawakuvuka bahari. Soma Yoshua 5, mistari ya 13 na 14. Yoshua anamwona mtu ameshika upanga, anamuuliza: u upande wetu, au upande wa adui zetu? Anajibiwa: La. Soma taratibu, usiharakishe kufika kwenye mahubiri. Waislamu watakuwepo pia, kwa hiyo mwombe sheikh asome aya ya 140 ya Al-Imran, na mkubaliane mapema nani anaanza, maana jua la saa sita pale uwanjani halisubiri hotuba ndefu.